Siku Koinet Aliponiita Aminieli

Karatu, Jumamosi alasiri

Mwanangu Anande,

Salamu siandiki. Tumeamkiana asubuhi hii hii, ukanimiminia chai, ukaenda zako Endamarariek kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomjua mama mkwe wangu, hakuachii kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo nina saa mbili tatu za kukaa na kalamu. Kesho alfajiri nakupeleka Arusha, na keshokutwa wewe ni rubani msaidizi, mtu na kazi yake. Haya ninayotaka kukuambia sitayaweza mbele ya watu. Tukifika pale nitaanza tu kukuuliza kama umebeba sweta.

Habari za sweta, za chandarua na za shangazi yako wa Dar, mama yako ameziandika kurasa mbili mbele na nyuma. Nimeziona. Mimi nakuandikia kwa sababu ya vitunguu.

Jumanne ile tuliporudi Mang'ola na magunia manne nyuma ya Land Rover, tulifika kwenye lile korongo la kabla ya mlima. Mvua ilikuwa imekula ukingo wa kushoto. Ukasema, “Baba, hapa leo kama pamekaa vibaya kidogo, eeh?” Mimi nikajibu “Mmh,” nikaingiza gari. Gurudumu la mbele likazama, gari likalala ubavu, wewe ukagonga paji la uso kwenye kioo, na gunia moja likapasuka vitunguu vikaelea majini kama bata. Lori la wafanyabiashara likaja kutuvuta kwa mnyororo, na yule dereva, mdomo wake bwana, alipojua mimi ni rubani akaniuliza, “Mzee, kule juu hakuna makorongo, siyo?” Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Baadaye nikakuuliza, “Ulikuwa umeona ukingo umeliwa?”

“Niliona, Baba.”

“Mbona hukusema?”

“Nilisema.”

Ukainama ukaendelea kuokota vitunguu. Na ni kweli, ulisema. Ulisema vile mtoto aliyelelewa vizuri anavyomwambia baba yake. Tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia, na si kwa sababu ya gari, gari limezoea. Ni kwa sababu sauti ile niliijua. Niliwahi kuisikia kwenye kiti cha kulia cha ndege, kiti cha msaidizi, na ilibaki kidogo initoe duniani pamoja na watu kumi na watano.

Unakijua kipande kimoja cha habari hii, kile cha sala. Vingine nilivificha. Leo nakupa vyote.

Ulikuwa na miaka kumi na moja, msimu ule wa mvua za El Niño, barabara zote zimekatika na kila mtu anataka ndege. Nilikuwa kapteni, na nilikuwa na kichwa kikubwa, nisikudanganye. Watu wa kampuni waliniita Mzee ingawa sikuwa hata na mvi. Mama yako aliniita Baba Anande, majirani Kapteni, wadogo zangu kule Marangu Kaka. Jina langu la Aminieli lilikuwa limebaki kwenye pasipoti, na kwa mama yangu, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia.

Rubani msaidizi wangu alikuwa Koinet, Mmasai wa Piyaya, mtu wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye kusoma ramani kama wewe unavyosoma magazeti. Kila asubuhi alinijia pale kiwanjani akiinamisha kichwa, kama kwao mdogo anavyomwamkia mkubwa, nami naweka kiganja changu juu ya kichwa chake ndipo tunaanza kazi. Nilikipenda kitendo hicho kupita kiasi. Kilinipa kujiona.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka Loliondo kuja Manyara na watalii kumi na wanne, ambao walitakiwa kuwahi ndege nyingine Kilimanjaro. Njia ya salama siku za mawingu ni kushuka Bonde la Ufa, unapita Engaruka, milima ya Ngorongoro unaiacha mkono wa kulia. Njia ya mkato ni kupenya katikati ya milima yenyewe, chini ya wingu, kwenye uwazi kati ya Olmoti na wenzake. Niliipenda ile ya mkato. Nilikuwa nimeipita mara nyingi, na watu walikuwa wakinisifia nayo.

Tumepita Piyaya, Koinet akasema, “Mzee, leo wingu limeshuka kidogo.”

Nikasema, “Limeshuka, ndiyo.” Nikaendelea.

Baada ya muda akasema, “Mzee, upande wa Engaruka naona kama kweupe.”

Nikasema, “Engaruka kuna nini, unaenda kusalimia wajomba?”

Akacheka kwa adabu. Mvua ikaanza kupiga kioo. Akasema tena, na sauti yake ilikuwa ile ile yako ya korongoni: “Mzee, hivi upepo huu hautusogezi kushoto?”

Anande, sikiliza nilichomjibu. Nilimwambia, “Mimi nimepita hapa wewe hujatahiriwa.”

Kumwambia Mmasai maneno hayo! Ni kumrudisha utotoni mbele ya watu. Alinyamaza kabisa. Nami, nikwambie ukweli wangu wote, nilifurahi kwamba amenyamaza. Nikaona chumba cha marubani kimetulia. Uwazi wangu ulikuwa umekwisha kuzibwa na wingu na mimi nilikuwa bado nautafuta kwa macho, najiambia dakika moja tu, dakika moja tu utafunguka.

Ndipo nikasikia mtu ananiita.

“Aminieli! Mlima! Geuza kulia! Sasa!”

Mikono yangu iligeuza kabla akili haijafika. Hakuna aliyekuwa akiniita hivyo ila mama yangu, na mama yangu akiniita hivyo nilikuwa nakimbia kwanza, nauliza baadaye. Koinet naye alikuwa ameshika usukani wa upande wake, tunavuta pamoja, injini zinanguruma. Wingu likapasuka kidogo kushoto kwangu, nikaona ng'ombe. Si chini, mwanangu. Walikuwa sawasawa na dirisha langu, kwenye mteremko, wanatutazama, na mchungaji amejifunika shuka kichwani kwa ajili ya mvua. Niliona rangi ya shuka. Kisha weupe tena, halafu mbuga za Piyaya zikafunguka mbele yetu, kijani, jua limezipiga. Tukazunguka, tukashuka Engaruka, tukatua Manyara.

Baadaye nilijua kwamba Koinet aliutambua mteremko ule kwa mierezi yake mitatu. Miaka ya ukame walikuwa wanapandisha ng'ombe wao mpaka huko. Alikuwa ameukalia kwa makalio yake akila ugali baridi.

Abiria walishuka wanacheka. Mama mmoja wa Kizungu alinishika mkono kwa mikono miwili akanishukuru kwa kuwaonyesha ng'ombe kwa karibu vile. Nikamjibu karibu sana. Walipoondoka nikamgeukia Koinet. Unadhani nilimwambia nini mtu aliyetoka kunipa uhai wangu?

Nilimwambia, “Nani amekupa ruhusa ya kuniita jina langu?”

Akasema, “Samahani, Mzee.” Akainamisha kichwa ili niweke mkono. Nikamwacha ameinama hivyo hivyo, nikaenda zangu.

Sijawahi kuandika sentensi hiyo mpaka leo. Imenichukua chai nzima.

Na sikuishia hapo, maana mjinga akianza safari huwa anataka kuimaliza. Nilimwandikia mkuu wetu wa marubani kwamba msaidizi wangu ameshika usukani bila idhini na kunivunjia heshima kazini. Koinet alipoulizwa, alisema tu kwamba ndivyo ilivyokuwa, jina alilitaja, usukani aliushika. Habari ya ng'ombe hakuisema. Hakutaka kunitia aibu! Wakamsimamisha kazi, akarudi Piyaya kuchunga.

Nyumbani nikamsimulia mama yako, na nilimsimulia nikiwa nimefura, nikitarajia aniunge mkono. Alikuwa anachambua maharage. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, “Baba Anande, hao ng'ombe walikuwa umbali gani?” Nikamwonyesha mpaka kwa jirani. Akaweka ungo chini.

“Kwa hiyo mimi leo nilikuwa mjane.”

“Mama Anande, usikuze mambo.”

“Mjane mwenye mtoto wa darasa la tano. Na aliyenirudishia mume, umemwambia asante?”

Akachukua ungo wake akaendelea kuchambua. Jioni hiyo tukakaa mezani, ukaambiwa uombe wewe, na hapo ndipo unapoingia kwenye habari hii. Ukafumba macho ukasema kwa sauti ya kengele: “Asante Mungu kwa chakula, na kwa yule mjomba aliyempigia baba kelele. Amina.”

Nani alikufundisha, sikuuliza. Kesho yake ukaomba hivyo hivyo. Na keshokutwa. Weee! Wiki nne, Anande, kila jioni, na wageni wakiwepo unaongeza sauti. Nilikukazia macho, hukuyaona, ulikuwa umefumba yako. Siku moja mchungaji wetu alikuwa mgeni, akaniuliza kwa upole ni mjomba yupi huyo. Nikarudisha tonge sahanini. Nikatoka nikasimama uani nikalia kama mtoto, kuku wananishangaa.

Jumatatu nikaenda kwa mkuu wa marubani. Nikaandika barua ya pili, yenye ng'ombe ndani yake. Nikaomba niisome mwenyewe mbele ya marubani wote, nikaisoma yote. Koinet akaitwa kazini. Mimi nikavuliwa ukapteni kwa miezi sita, nikakalishwa kiti cha kulia kwa kapteni aliyekuwa mdogo kwangu kwa umri, na hiyo ndiyo adhabu ninayoishukuru kuliko shahada yoyote niliyo nayo. Maana siku ya tatu tu, tunashuka kutua Ndutu, nikaona mwendo wetu umezidi. Nilitaka kusema. Unajua kilichotoka mdomoni? “Kapteni, naona kama leo tumechangamka.” Mimi! Na ukali wangu wote! Kiti kile kinakufunga ulimi usijue umefungwa saa ngapi. Kapteni akasema “Mmh.” Nikasema tena, “Mwendo umezidi, tupae tuzunguke.” Tukapaa tukazunguka. Shati langu lilikuwa limelowa mgongoni.

Kwenda Piyaya nilikuwa nimetangulia, kabla barua ya kumwita Koinet haijamfikia. Nilipata nafasi kwenye gari la watu wa chanjo ya mifugo, nikamkuta kisimani ananywesha. Alipoona ni mimi aliacha ng'ombe, akaja, akainamisha kichwa. Baada ya yote yale! Nikaweka mkono wangu. Nilitaka kuutoa nikashindwa, nikabaki nao pale, wazee wa kwao wanatazama wakadhani namwombea.

Nikasema, “Koinet, nimekuja kushukuru. Nimechelewa, lakini nimekuja.”

Akainua kichwa. Halafu akaniuliza, na nilimwona jicho linacheka, “Sasa Mzee, nikirudi, nikikuona unaelekea mlimani, nikuiteje?”

“Jina langu unalijua.”

“Na chini?”

“Chini niheshimu kidogo, nina mtoto.”

Tulicheka mpaka ng'ombe wakasogea. Tukachinjiwa mbuzi. Tuliruka pamoja miaka sita baada ya hapo, na kila asubuhi tulikuwa na desturi yetu. Anaamkia chini, naweka mkono. Tukishafunga mikanda, kabla sijawasha injini, namwambia, “Humu ndani mimi ni Aminieli.” Naye anajibu, “Na mimi ni Koinet.” Basi. Wenzetu walitucheka mwanzoni, baadaye niliwasikia wawili watatu wakifanya hivyo hivyo.

Usidhani alipatia kila mara. Siku moja tunatua Ndutu akapiga kelele, “Aminieli, nyumbu!” Nikapaisha ndege juu na abiria wakiguna. Tukarudi kutazama, ni kichaka. Alitaka kufa kwa aibu. Nilimwambia asante, na niliisema kwa sauti ili na yeye aisikie na mimi niisikie. Maana nikimkaripia kwa kichaka, siku ya nyumbu atanyamaza. Hilo nilijifunza kwa gharama, wewe nakupa bure.

Tangu utoto wako umesikia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, silikatai. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya watu wote aliowabeba, na hakuna aliyetutungia methali ya hilo. Wakati wa Koinet mimi nilisikia maneno yake yote matatu, Anande. Masikio yalikuwa mazima. Wingu, Engaruka, upepo, yote yalifika. Ila yalikuja yamevishwa shikamoo, na mimi nikapokea shikamoo nikaacha mzigo mlangoni.

Basi Jumanne ile korongoni nilipotazama vitunguu vinaelea, niliwaza hivi: yule binti aliyekuwa anamwambia Mungu makosa yangu kwa sauti ya kengele wiki nne, alikwenda wapi? Nikajibu mwenyewe. Mimi ndiye niliyempeleka. Nilijifunza kusikiliza kwenye ndege, nikirudi nyumbani navua somo pamoja na kofia. Hapa mezani nilibaki Mzee. Ulipobalehe, ukibisha nakukazia jicho. Ukisema polepole nakusifia mbele ya wageni, mwanangu ana adabu. Una adabu kweli, na ninajivuna nayo. Lakini nimekuambukiza na kile kimya, na kesho nakutoa nikakukabidhi kwa makapteni nisiowajua, wengine wana kichwa kikubwa kama changu cha zamani. Naogopa. Nakuambia wazi, naogopa kuliko nilivyoogopa kwenye lile wingu, kwa sababu kule sikupata nafasi ya kuogopa.

Lakini kuliko woga, nina shukrani. Kila nilichokiona tangu siku ile ni nyongeza niliyopewa na sauti ya mtu. Kipaimara chako, na gauni lile lililokuwa refu ukalikanyaga madhabahuni. Matokeo yako ya kidato cha nne, tukiyasoma ukutani huku mama yako amenishika shati. Siku uliyorusha ndege peke yako mara ya kwanza ukanipigia simu hukuweza kusema, unahema tu, na mimi nahema. Hata korongo la Jumanne na ule mdomo wa dereva wa lori. Vyote hivyo nisingeviona. Koinet ni kapteni sasa, unajua, na jana amenipigia kukutakia heri. Amefunguaje simu? “Shikamoo Mzee.” Habadiliki yule.

Kwa hiyo nina ombi moja, na ni la kesho tu. Tukitoka hapa alfajiri, ukungu wa Rhotia utakuwa umelala barabarani, na baadaye kuna zile kona za kushukia Mto wa Mbu. Nitaendesha mimi. Macho yangu si yale, na kichwa changu kitakuwa kimejaa wewe, kwa hiyo kukosea nitakosea, sina haja ya kuigiza. Ukiona, usiniambie pamekaa vibaya kidogo. Niite jina langu. Sema umeona nini, sema unataka nifanye nini. Mama yako atashtuka kule nyuma, mwache ashtuke, nimeshamwambia. Ukishindwa kwangu, mtu anayekupenda na asiyeweza kukufukuza kazi, kwa mgeni mwenye mistari minne ya kapteni begani utaweza vipi? Na ukiweza, nitasema asante hata kama ni kichaka.

Na siku utakapokaa kiti cha kushoto, kile cha kapteni, maana utakikalia, mtazame aliye kulia kwako kabla hujawasha injini, umwambie jina lako.

Nasikia mlango wa uani. Umerudi, na kwa mlio ninaousikia, bibi amekubebesha kuku. Barua hii nitaiweka ndani ya kitabu chako cha safari, uisome leo kabla hujalala. Barua zangu zote nilizokuandikia ukiwa bweni nilikuwa nazimaliza kwa “baba yako mpendwa.” Hii naitia jina, ulizoee kuliona, ili kesho lisikukwame kooni.

Aminieli